Koili haina kosa, tazama utambi: kufunga atomaiza ya kujitengenezea

Atomaiza ni sehemu ya sigara ya umeme inayogeuza maji ya kuvuta kuwa mvuke. Nyingi zinazoletwa dukani kwa malalamiko ya ladha ya kuungua huwa koili yake, yaani waya uliozungushwa unaopata moto, ni nzima. Utambi, yaani pamba inayofyonza maji hayo, umeshindiliwa mno, maji hayapandi, pamba inaungua kavu. Kwa mtu mzima anayevuta sigara ya umeme na anayetaka kufunga koili mwenyewe badala ya kununua kichwa kipya (koili iliyofungwa tayari) kila mara, kazi yenyewe ni hii. Asiyevuta kitu asianze, na walio chini ya miaka 18 hatuwauzii.

Tumia waya wa Kanthal (mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini) wenye unene wa milimita 0.4. Mita moja ya waya huu ina ukinzani wa omu 11.5 hivi. Kata sentimita 12, izungushie mara 6 kwenye ncha ya keekee ya milimita 3, mizunguko igusane. Mizunguko hiyo pamoja na miguu miwili ya milimita 5 hula kama sentimita 7.5 za waya, kwa hiyo ukinzani uwe kati ya omu 0.8 na 0.9. Waya uliochomolewa kwenye pasi mbovu hatuufungi, maana hakuna ajuaye umechanganywa nini. Waya wa kufungia nondo ndio kabisa: mwingine umepakwa zinki, na moshi wa zinki ni sumu.

Ingiza miguu kwenye nguzo mbili za kitako cha atomaiza, kaza skrubu, kisha kata ncha zilizobaki zisitokeze hata kidogo. Ncha iliyochomoza ikigusa kifuniko ni shoti. Koili ikae milimita 1 hadi 2 juu ya tundu la hewa. Pima omu kabla ya kuwasha chochote. Namba ikipandapanda na kushuka, skrubu imelegea au ina kutu. Kwa wanaokaa pwani kama Nungwi au Kizimkazi, hewa ya chumvi hula skrubu za bei rahisi upesi, basi tafuta za chuma kisichoshika kutu.

Sasa washa kwa wati 10 hadi 15, kidogokidogo, bila pamba. Wekundu uanzie katikati na kuenea pembeni. Ukiona sehemu moja inawaka peke yake, zima, acha ipoe, kisha ibane mizunguko kwa kibanio. Ukibana kwa kibanio cha chuma huku umebonyeza swichi, umejitengenezea shoti kwa mkono wako.

Utambi ndio penye kazi. Chukua pamba safi isiyotiwa dawa wala manukato, isokote ncha, ipitishe ndani ya koili. Ipite kwa kukwaruza kidogo. Ikivuta koili ikapinda, punguza; ikiteleza tu, ongeza. Kata ncha zifike chini panapoingia maji, zisizibe tundu la hewa. Lowesha pamba kwanza, jaza tangi, halafu ngoja dakika 5 hadi 10. Wengi wanaiunguza pamba hapa kwa haraka ya mvuto wa kwanza.

Tunaulizwa sana kuhusu sufi, kwa kuwa misufi ipo tele Unguja na Pemba. Sufi ni nzuri ya mito na magodoro. Nyuzi zake zina nta, zinakataa maji, na zinashika moto upesi mno. Na yule anayetaka kutia matone ya mafuta ya karafuu apate harufu: usitie. Yanapasua tangi la plastiki, na mapafu hayakuumbiwa kuvuta mafuta.

Kuvuja nako kuna sababu zake. Pamba ikiwa chache, maji yanapita moja kwa moja hadi tundu la hewa. Wakati wa kaskazi, joto huyafanya maji kuwa mepesi, hivyo utambi uliotosha wakati wa kipupwe unaweza kuvuja. Ndani ya ndege ya kwenda Pemba, hewa iliyomo tangini hutanuka na kusukuma maji nje. Safiri na tangi tupu.

Betri haina mzaha. Betri ya volti 4.2 kwenye koili ya omu 0.85 inatoa ampea 5 hivi. Ukishusha hadi omu 0.2 inadaiwa ampea 21, na betri ya ampea 10 itachemka. Kifaa kisicho na saketi ya kinga hakitakuzimia. Betri iliyochanika ganda usiitumie, wala usiichanganye na funguo mfukoni. Maji yenye nikotini yafungiwe mbali na watoto.

Ukija dukani, njoo na atomaiza tupu, betri ndani ya kisanduku chake, na chupa ya maji unayotumia. Kupima omu hatutozi.