Naomba kura yako, Mwizi

Tanga, 12 Oktoba 2024

Mwizi,

Habari za Mwanza? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila usingizi ndio umekuwa haba, na kilichouondoa ndicho kilichonifanya nitafute kalamu. WhatsApp nimekuandikia mara mbili, mara zote umenijibu kwa kidole gumba. Jambo hili kidole gumba hakilitoshi.

Wiki iliyopita binamu yangu wa Muscat alikuja kumwona mama. Akafungua begi, akatoa Switch Lite ya njano, mashine ya gemu ya mkononi, imechubuka pembeni na kioo kina mkwaruzo mmoja. Mwanawe kanunuliwa mashine kubwa zaidi, hii akaona aniletee mimi. Ndani yake mna kadi mpya kabisa: The Legend of Zelda: Echoes of Wisdom, lile gemu lililotoka tarehe 26 mwezi uliopita. Nikashukuru kwa utulivu wa mtu mzima, nikamsindikiza mgeni hadi stendi, kisha nikarudi nyumbani nusu mbio.

Kimashine chenyewe kina gramu 275 tu, kioo cha inchi 5.5, na TV hakiijui kabisa; ni cha kushika mkononi basi. Chaji ni saa 3 hadi 7 kulingana na unachocheza. Jumatatu umeme ulikatika mtaa mzima, sisi tukaendelea na safari yetu. Kioo kikiwaka chenyewe gizani vile, nikaikumbuka ile Game Boy, mashine ya gemu ya zamani ya mjomba wako baharia. Kioo chake rangi ya mchicha uliochemshwa, taa hakina, tumejikusanya chini ya balbu ya korido ya bweni kama kumbikumbi. Betri ndogo nne zikiisha nazianika juu ya bati asubuhi, jioni zinatupa dakika kumi nyingine. Ndiyo maana mpaka leo naitwa Betri na watu wenye ndevu zao.

Na wewe jina lako ulilipata humo humo, kwenye Link's Awakening, gemu la Zelda la enzi zetu. Upinde ulikuwa 980 dukani, pesa hatuna, ukamzunguka muuza duka mpaka akageukia upande mwingine, ukatoka nao. Tangu hapo gemu zima likawa linakuita mwizi, kila mtu kisiwani. Ulipojisahau ukarudi dukani, yule bwana akakumaliza palepale. Bweni zima lilicheka wiki nzima.

Sasa sikiliza hili jipya linavyoanza. Ukiliwasha uko moja kwa moja ndani ya pango, wewe ni Link, yule shujaa wetu, upanga mkononi, ngao, mishale, kila kitu. Adui mkuu Ganon anakusubiri, binti mfalme Zelda kafungiwa ndani ya jiwe la kioo kama kawaida yake. Nikajiweka sawa kwenye kochi. Nikapigana vizuri tu, nikisema moyoni kwamba mikono haijasahau. Ganon kaanguka, ghafla ardhi inapasuka, ufa mweusi wenye zambarau unammeza Link. Kabla hajazama anaachia mshale mmoja, kile kioo kinapasuka, na binti anatoka.

Kuanzia hapo unamcheza yeye. Mfululizo huu una miaka 38, tangu 1986, jina la Zelda liko juu ya boksi na anayefanya kazi ni Link. Safari hii mwenye jina kaambiwa afanye kazi mwenyewe. Aliyeongoza utengenezaji wake ni Tomomi Sano, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo kwenye Zelda, na wasaidizi ni ile kampuni ya Grezzo, wale waliolifanyia sura mpya Link's Awakening yetu mwaka 2019. Utaitambua tu: watu wadogo wanang'aa kama vinyago vya plastiki vilivyopakwa mafuta, nyasi kama zulia, na ukitazama kwa mbali unahisi dunia nzima imepangwa juu ya meza ya mtu.

Zelda hana upanga. Nilidhani nitapewa baada ya muda, nikawa navumilia. Anatupwa gerezani nyumbani kwao mwenyewe, maana hata baba yake mfalme kamezwa na ufa na aliyekaa kwenye kiti ni wa bandia. Humo gerezani kinamjia kidudu kinachong'aa, jina lake Tri, kinampa fimbo. Fimbo hiyo hainakili watu, inanakili vitu. Kitu kikimeremeta unakigusa, basi ni chako: popote utakapokuwa unatoa mwangwi wake, yaani nakala yake. Vyote viko 127, nimeambiwa na binamu. Sasa kisia silaha ya kwanza ya kumwokoa binti mfalme ni ipi.

Meza. Meza ya mbao, miguu minne.

Aisee nilikata tamaa. Askari wanazunguka na mienge, mimi natoa meza. Nilijaribu kupita mbio, nikakamatwa, nikarudishwa seli. Mara ya pili vilevile. Binti yangu, yule wa darasa la pili, alikuwa nyuma yangu anakula muhogo, akasema, "Baba, si upande." Nikaweka meza, nikapanda, nikapita juu ya makabati, askari chini wanazunguka na mienge yao. Tangu dakika hiyo gemu si langu peke yangu.

Baadaye tukapata kitanda, tena kitanda cha zamani, godoro limelegea. Mwizi, kitanda kile ndicho shujaa wa hadithi. Kuna mahali palikuwa na shimo pana, upande wa pili sanduku la hazina. Mimi nikaanza kutafuta njia, swichi, ufunguo, mambo tuliyofundishwa na miaka. Mtoto akaninyang'anya. Akaweka kitanda kikaning'inia ukingoni, akapanda, akaweka cha pili mbele yake, akapanda, cha tatu. Alipoweka cha kupita kiasi, kile cha kwanza kikayeyuka nyuma yake. Hii ndiyo sheria: Tri ana vipembetatu vichache mwanzoni, kila mwangwi unakula chake, ukizidisha kinachoondoka ni kile cha zamani zaidi. Mimi ningeshtuka. Yeye akacheka, akaendelea kutandika vitanda mbele na kuvipoteza nyuma, mpaka ng'ambo. Sandukuni mlikuwa na rupee, pesa za humo, chache tu, wala hakujali.

Maadui nao ukiwashinda unawanakili. Tulipompata Moblin, adui mmoja mwenye mkuki, nikapumua: angalau kuna mtu wa kupigana. Unamtoa, anakwenda kumchoma adui, wewe unasimama pembeni kama mzee wa baraza. Lakini mtoto kagundua kwamba Zelda akilala kitandani mioyo yake, yaani uhai wake, inarudi. Kwa hiyo vita vyetu sasa viko hivi: Moblin anapigana, binti mfalme kajifunika shuka. Mama yake alipita akatazama, akauliza ni gemu gani hili mtu analala katikati ya vita. Nikakosa jibu.

Kuna na kamba ya buluu, unafunga nayo kitu ukakivuta. Jiwe, sanduku, hata adui. Nimemburuta mmoja mpaka ukingoni nikamwachia. Ukigeuza, wewe ndiye unayefuata kinakokwenda hicho kitu. Hiyo ya pili bado inanitoa jasho, vidole vyangu havijui nani anamfuata nani.

Ubaya wake? Upo. Ile miangwi imepangwa kwenye mstari mmoja mrefu kama foleni ya kivuko. Unabonyeza mshale wa kulia, gemu linasimama, unaanza kupita: meza, boksi, kitanda, chungu, popo, nyoka, jiwe, mti. Unaweza kuupanga kwa ulichotumia karibuni au unachotumia sana, ila ukitaka kitu ulichokiacha juzi utapita msafara mzima. Na tuna thelathini na kitu tu. Zikifika mia sijui tutakuwa tunaanza kutafuta saa ngapi. Kijijini penye watu wengi picha nayo inakwama kwama kidogo. Mtoto haoni, mimi naona.

Lingine ni lugha. Kiswahili hamna, basi kazi ya kutafsiri ni yangu, na mtoto hanipi nafasi ya kufupisha. Ufa nikauita ufa, ikapita. Ile dunia iliyoganda ndani ya ufa, ambako vipande vya nyumba na miti vinaelea na watu wamesimama kimya kama sanamu, nikasema "dunia iliyonyamaza". Tri anaongea kama mtu asiyejua mambo ya watu, kwa hiyo nampa sauti ya yule mwalimu wetu wa hesabu. Usicheke, inafaa kabisa.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Ndani ya magofu ya Suthorn, kabla hujafika mwisho, unakutana na kivuli cha Link. Ukikishinda, upanga wake unaupata. Hatimaye! Unabonyeza, Zelda anageuka mpiganaji, rangi ya buluu, anaruka, anakata. Nilimwambia mtoto akae pembeni aone. Nikakata nyasi, nikakata vyungu, nikamfukuza kila mdudu uwanjani. Kuna mstari wa nguvu pembeni, unapungua kila sekunde. Tulipofika kwa adui wa maana mstari umekwisha, upanga umezimika, mimi nimesimama na gauni. Mtoto akaniangalia, akanyoosha mkono. Nikampa mashine. Akatoa vitanda viwili vya kumzuia yule adui, Moblin akamalizia.

Nimelala na hilo jambo siku tatu. Miaka yote ile tuliyokuwa tunazianika betri, nadhani tulikuwa tunatafuta upanga tu, Mwizi. Wewe peke yako ndiye uliyefikiria kumzunguka muuza duka. Nilipomsimulia binti yangu habari ya upinde alitaka kujua kila kitu: ulisimama wapi, ulisubiri muda gani. Anakuita Baba Mwizi sasa, kwa heshima zote, na hajawahi kukuona.

Tulipo leo: magofu tumemaliza, ramani imefunguka, na tumepewa njia mbili. Kushoto jangwa la Gerudo, kulia maji ya Jabul wanakokaa Wazora, watu samaki. Mimi nataka jangwa. Bahari nimezaliwa naiona, kila siku iko dirishani, ya nini tena kwenye kioo. Yeye anataka maji, anasema kitanda lazima kinaelea na anataka kuhakikisha. Tumepiga kura jana baada ya chakula: moja yangu, moja yake. Mama yake kakataa kupiga, anasema hajui wagombea.

Kwa hiyo kura ya tatu ni yako. Mashine tumeizima tangu jana, iko juu ya kabati, na mtoto kaapa hatagusa mpaka Baba Mwizi ajibu. Mimi sijaapa. Andika upesi, na safari hii usilete kidole gumba, maana hatutajua kinaelekea upande gani.

Nisalimie shemeji. Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini kula samaki.

Wako,
Betri