Tuache kukagua nyumba saa nne asubuhi

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo linanikera siku nyingi, na juzi tu nimetoka kumsaidia mdogo wangu kuhama kwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, mgongo bado unauma.

Kwenye kurasa zenu za makazi naona picha nzuri nzuri, sebule zinang'aa, taa za kwenye gipsamu, majiko meupe pee. Sawa, hata mimi huwa naziangalia. Ila hebu siku moja tuongelee na nyumba ya saa tatu usiku. Dalali atakupeleka asubuhi watu wako makazini, mtaa umetulia, jua halijawa kali, madirisha yameshafunguliwa hewa inapita. Hiyo siyo nyumba utakayoishi. Utakayoishi ni ile ya jioni umerudi umechoka, jirani wa juu anaburuza viti, maji yanatoka kama machozi kwa sababu ghorofa nzima inaoga kwa wakati mmoja, na chumba cha kulala chenye dirisha la magharibi kimepigwa na jua tangu saa nane mchana kwa hiyo kuta zinaendelea kutema joto mpaka usiku wa manane.

Mimi yalinikuta. Nilipenda nyumba kisa jiko, nikalipa dipoziti siku ileile maana dalali alisema kuna mtu mwingine anakuja na hela jioni (huyo mtu mwingine yupo kila nyumba, sijui huwa anaishia wapi). Wiki kama tatu hivi tukaanza kusikia harufu, tukadhani panya kafia ndani. Nikavuta kabati la nguo, aisee, ukuta wa nyuma mweusi tii umeota ukungu, naweka kiganja umelowa, rangi inabanduka vipande vipande na chini yake kuna rangi ya zamani yenye madoa yaleyale. Kumbe watu walishapaka juu ya tatizo wakaendelea na maisha, mgeni nilikuwa mimi peke yangu. Na dalili ilikuwepo mchana kweupe: chumba kizima rangi imepauka ila ukuta mmoja umepakwa juzi. Siku hizi nikiona ukuta mmoja mpya nazunguka nje kuangalia upande wa pili kuna nini, bafu, bomba linalovuja, au udongo umejaa ukapanda juu kuliko sakafu ya ndani. Doa la kahawia lenye duara kwenye dari nalo halijachorwa kwa urembo, hapo maji yameshapita.

Tulipohama kwenye ile nyumba mke wangu akasema safari hii kila mtu aandike pembeni anachotaka, bila kuoneshana. Tukaandika. Vilivyofanana vilikuwa viwili tu, maji na ukaribu na kazini. Mimi nilikuwa nimeandika sehemu ya kuegesha gari, namba moja kabisa, na gari hatuna. Alicheka mpaka akakaa chini. Yeye aliandika dirisha jikoni na mlango wa chooni usitazamane na sebule, vitu ambavyo nisingevifikiria hata kwa miaka kumi lakini kila siku unakutana navyo. Yaani mimi nilikuwa namtafutia nyumba mtu ninayetamani kuwa, yeye alikuwa anatutafutia sisi.

Halafu kuna ile hesabu inayotajwa sana, kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Siyo mbaya, ila haina nauli ndani. Unaweza kwenda mbali ukapata nyumba ya bei chee ukajiona mjanja, lakini kama safari imeongezeka nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, kwa siku tano za kazi hayo ni masaa 5 kwa wiki, na ukifanya kazi wiki 48 ni masaa 240, yaani siku 10 nzima usiku na mchana uko barabarani kwa mwaka. Hizo weka kwenye kodi kwanza ndo uniambie ipi rahisi.

Najua watu watasema kuchagua ni kwa wenye hela, sisi wengine tunachukua inayopatikana. Mimi naona ni kinyume, mwenye hela akikosea anahama tu kesho, asiye nazo akikosea ndo anakaa na ule ukungu mwaka mzima. Na kurudi kuangalia nyumba usiku hakuna gharama zaidi ya usumbufu. Ukiweza rudi siku ya mvua kabisa. Fungua bomba mbili kwa pamoja huku choo kinafulashiwa uone maji yanabaki vipi, piga simu ukiwa chumbani siyo ukiwa getini, pima kitanda na kona ya ngazi kabla fundi hajaja kukikata miguu, na mkamate mpangaji anayeondoka muulize anahamia wapi na kwa nini, huyo hana cha kuuza. Siku ya kuingia piga picha kila ufa, maana dipoziti ikifika kurudishwa kumbukumbu za watu huwa zinabadilika.

Nyumba tuliyopo sasa hivi vigae vya bafuni ni vya rangi ya kijani ambayo sijui nani aliichagua na alikuwa na hasira gani, gipsamu hamna, mlango wa stoo haufungi vizuri. Tumeona yote hayo kabla ya kulipa tukasema tutayameza. Dirisha la jikoni lipo. Gari bado.

Wako,
Mpangaji aliyechoka kubeba kabati