Barua kwa vijana wetu wa maabara na kompyuta: fedha za ulinzi ziko wapi?

Wanangu wa Unguja na Pemba mnaosoma sayansi na kompyuta, assalamu alaykum.

Nilihudhuria semina yenu juzi, nikakaa viti vya nyuma, na hasira nimeimeza kwa heshima ya ukumbi. Mlituonesha programu ya akili mnemba inayotafuta dawa katika mitishamba yetu. Kazi nimeipenda, wallahi. Kisha ikaja bajeti ukutani: kompyuta, safari, posho, chakula, fulana za mradi. Mama mmoja akauliza, programu hii ikiangukia mikononi mwa mtu mbaya, nani wa kuilinda na fedha za ulinzi huo ziko wapi? Mkatazamana, mkacheka. Mmoja wenu akajibu, "Hilo wafadhili wataliangalia baadaye." Na ukumbi ukampigia makofi!

Nimefanya kazi za maabara mpaka nikastaafu, na hiyo baadaye naijua. Pahala pamoja nilipofanya kazi, mradi ulituletea jokofu la sampuli, lile la nyuzi 80 chini ya sifuri. Fedha za jokofu zilikuwapo, za gari zilikuwapo, za mafunzo ya ng'ambo zilikuwapo. Za mlinzi wa usiku ziliandikwa kwa muda wa mradi tu. Za kitasa na za daftari la kuandikia nani kaingia hazikuandikwa kabisa. Mradi ukamalizika, mabango yakashushwa. Mlinzi alivumilia miezi bila mshahara, mwisho akarudi baharini kuvua, na nani wa kumlaumu? Kitasa kilipokufa, mlango ukawa unafungwa kwa kamba ya usumba. Ndani mna damu za watu na vimelea vya maradhi, na ufunguo wa jokofu umetundikwa kwenye msumari, kila apitaye anauona. Tuliandika barua juu. Jibu likarudi: hakuna kasma, yaani fungu la fedha kwenye bajeti. Na kweli haikuwapo, kwa sababu siku jokofu linanunuliwa hakuna aliyeuliza.

Na lile lilikuwa jokofu, lingehitaji wanaume wanne kulibeba. Programu yenu inanakiliwa kwa dakika chache, na mwenyewe hujui kama imetoka.

Mkidhani nawatisha, someni yaliyochapishwa mwaka 2022. Watafiti wa kampuni ndogo ya dawa ya Marekani walialikwa kwenye mkutano wa maabara ya Spiez, Uswisi, waeleze namna kazi yao inavyoweza kutumiwa vibaya. Programu yao ilifundishwa kuikwepa sumu. Wao wakaigeuza iitafute. Kwa muda usiofika saa 6 ikawatolea molekuli 40,000. Miongoni mwake imo VX, sumu ya neva ya vitani, na nyingine mpya zilizokadiriwa kuwa kali kuliko hiyo. Hawakutengeneza hata tone, na wenyewe walikiri kwamba kabla ya hapo hawajawahi kulifikiria jambo hili. Watu wasomi, wenye nia njema, wa kutafuta dawa! Kama ninyi.

Mchoro wa sumu kwenye kompyuta bado si sumu. Mtu anahitaji kemikali, vifaa, ustadi na muuzaji wa kumuuzia. Hapo katikati ndipo ulinzi unapopata pa kusimama, na hapo ndipo panapotaka watu wa kulipwa. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba watafiti wa Kanada wameunda upya kirusi cha ndui ya farasi, jamaa wa ndui ya binadamu, kwa vipande vya DNA, yaani vinasaba, walivyoagiza kwa kampuni. Kwa hiyo muuzaji wa DNA lazima amjue mnunuzi na akague anachoagiza. Na maabara yenyewe ilindwe: mwaka 1978, mwaka mmoja tu baada ya mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizwa mitaani kule Merka, Somalia, ndui ilizuka Birmingham, Uingereza, katika jengo lenye maabara iliyokuwa ikikifuga kirusi hicho, ikamuua mpiga picha aliyefanya kazi ghorofa ya juu yake.

Uingereza mwaka 2023 serikali ilianzisha taasisi yake ya kuzipima programu za akili mnemba, ikaitengea pauni milioni 100 za kuanzia. Marekani mwaka huohuo Rais Biden alitoa amri iliyogusa pia ukaguzi wa wauzaji wa DNA. Januari 2025 aliyemfuata akaifuta. Basi hata kwa wakubwa, ulinzi ulioning'inia kwenye saini ya mtu mmoja haukai.

Msiniambie sisi maskini hatuwezi. Mbung'o, nzi wanaoambukiza mifugo maradhi, walimalizwa Unguja, kazi ikakamilika 1997. Madume walifugwa Tanga, wakahasiwa kwa mionzi, wakamwagwa kwa ndege ili majike wanaopandwa nao wasizae. Msaada wa nje ulikuwapo, sikatai. Lakini kazi haikuishia kumwaga nzi. Walikuwapo watu wa kutega mitego na kuhesabu waliobaki, na watu hao walikuwa na kasma.

Waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, nanyi nawasema. Kukata utepe wa jengo mnakuja na msafara, ila mshahara wa mkaguzi hauna utepe, basi unasahauliwa. Mfadhili anakwenda kwao. Fedha za ulinzi zitoke Serikali ya Mapinduzi yenyewe, kila mwaka, mradi uwepo usiwepo.

Wanangu, mengine nayasema kwa haraka. Majina ya wagonjwa yasipite kwenye WhatsApp. Neno la siri lisiwe la watu wote. Mtu mmoja asipewe programu nzima bila wa pili wa kumkagua. Anayeacha kazi afungiwe siku hiyohiyo. Anayeuliza swali gumu asichekwe.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na makadirio ya wizara huandaliwa miezi kabla. Andikeni ukurasa mmoja: wakaguzi wawili, mishahara yao, kompyuta isiyounganishwa na intaneti, na nani atawajibika. Nileteeni nami nitie saini, kisha tuupeleke wizarani kwa mkono, mimi na ninyi.

Mzee wenu,
Chake Chake, Pemba