Nyota hulipukaje asubuhi na jioni ikalipuka tena? Barua ya wazi kwa mpwa wangu

Mpwa wangu,

Salaam nyingi. Sauti uliyonirushia nimeisikiliza, na ile klipu nimeitazama hadi mwisho, ingawa yule jamaa ananichosha na sauti yake ya kutangaza tanzia. "Nyota imelipuka na kufa!" Nawe ukaniuliza: Mjomba, kama imekufa, mbona wanasema hulipuka tena baada ya saa chache? Swali lako lina akili kuliko klipu nzima, na kwa kuwa si wewe peke yako uliyerushiwa, nalijibu hapa hadharani.

Kufa ilishakufa zamani. Inayozungumzwa ni nyota ya nyutroni, yaani mabaki ya nyota kubwa iliyomaliza siku zake: maada nyingi kuliko ya jua letu imebanwa ndani ya tufe lenye kipenyo cha kilomita 20 na ushei. Ukitoka Malindi mjini ukafika Ngomeni, umeshalivuka. Kinacholipuka sasa ni chakula ilichokula karibuni.

Maana nyota hizi zina wenza. Mbili zinazungukana kwa karibu mno, na gesi ya mwenza inavutwa, inazunguka, mwisho inaanguka juu ya nyota ya nyutroni na kutandaa usoni kama tabaka la mita chache tu. Gesi yenyewe ni haidrojeni au heli. Kwa saa kadhaa inarundikana na kugandamizwa, joto likipanda, hadi viini vya heli vinapoanza kuungana vitatu vitatu kuwa kaboni. Muungano huu una tabia mbaya: joto likiongezeka kidogo tu, kasi yake inaruka maradufu na zaidi. Ndani ya jua, gesi ikipata joto kupita kiasi hutanuka, ikapoa, mambo yakatulia. Huku tabaka ni jembamba na uvutano ni mkali kiasi kwamba kutanuka kidogo hakupunguzi mgandamizo hata chembe. Joto linachochea moto, moto unaongeza joto, na ndani ya sekunde chache uso mzima umewaka. Ni petroli iliyomwagika juu ya jabali: yenyewe inateketea, jabali linabaki palepale, tayari kumwagiwa nyingine.

Uso huo hufikia nyuzijoto milioni 20 hadi 30, na kitu chenye joto hilo hakiwaki mwekundu wala mweupe, kinatoa eksirei. Kisha kinapoa taratibu kwa nusu dakika hivi. Kupoa huko ndiko wanakokutafuta wataalamu wanapotaka kujua kama mlipuko ni wa nyuklia kweli, yaani wa viini kuungana, kwa sababu kuna nyota moja tapeli, Rapid Burster, iliyogunduliwa mwaka 1976, ambayo hufyatua eksirei mfululizo bila kupoa namna hiyo. Mifyatuo hiyo inatokana na gesi inayoanguka kwa mafungu. (Baadaye ikaonekana nayo hulipuka kinyuklia mara mojamoja. Haina adabu kabisa.)

Na hapa kuna jambo ambalo mimi mwenyewe hulipenda kuliko mlipuko. Gesi inapoanguka juu ya nyota hiyo, mwanguko peke yake hutoa nishati mara makumi kadhaa ya ile itakayotolewa na moto wa nyuklia baadaye. Ndiyo maana nyota hizi hung'aa kwa eksirei muda wote gesi inapoanguka, hata zisipolipuka. Mlipuko tunauona kwa sababu tu akiba ya saa nyingi inatumika yote kwa mara moja.

Eksirei haipenyi angahewa, kwa hiyo lazima chombo kiwe angani. Waulize wazee wa Ngomeni kuhusu yale majukwaa ya Waitaliano baharini, San Marco. Hapo ndipo iliporushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, na wenyewe wakaiita Uhuru. Orodha yake ya nne ilikuwa na vyanzo 339, na mpaka leo namba zinazoanza na 4U ni zake. Mei 1975 ikarushwa hapohapo setilaiti nyingine, SAS-3, iliyoikamata ile tapeli.

Nyota mojawapo yenye namba ya 4U ni 4U 1820-30, katika kundi la nyota la Kausi. Septemba 1975 setilaiti ya Uholanzi, ANS, iliinasa ikilipuka, na wanaanga Jonathan Grindlay na John Heise wakatangaza. Nyota hiyo na mwenza wake, nyota kibete nyeupe ya heli (kiini kidogo kilichobaki cha nyota iliyokufa), huzungukana kwa dakika 11 tu. Upande huohuo wa mbingu yupo mlipukaji mwingine, GS 1826-24, ambaye kwa miaka mingi alilipuka kila baada ya saa 4 hadi 6 hivi kwa mpangilio hata akaitwa saa. Mpangilio huo uliwekwa wazi na data za setilaiti ya BeppoSAX, zilizokuwa zikishushwa kwenye kituo cha Malindi.

Mlipuko wa kwenye klipu nadhani ni wa Agosti 2019, wa SAX J1808.4-3658, umbali wa miaka ya nuru 11,000 hivi, nyota inayojizungusha mara 401 kwa sekunde. NICER, darubini ya eksirei iliyo angani, ilikuwa inautazama. Mwanga ulipanda, ukasita karibu sekunde moja, ukapanda tena polepole zaidi. Wataalamu wanausoma mkwamo huo hivi: tabaka la haidrojeni lilipeperushwa kwanza, kisha la heli likafuata nyuma yake, likalipita, halafu likazama tena chini. Kwa sekunde 20 ilitoa nishati ambayo jua letu huitoa kwa karibu siku 10.

Majivu nayo hayapotei. Kaboni iliyobaki hukaa chini ya tabaka jipya, ikirundikana kwa miezi au miaka, na siku ikishika moto yenyewe, mlipuko haumaliziki kwa nusu dakika. Wa 4U 1820-30 mwaka 1999 uliendelea kwa takriban saa 3. Huo, yule jamaa angeufanyia matanga.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako