Sanamu ile si feki, ni ya dinosari wa Lindi

Mhariri,

Katika ukurasa wa watoto wa gazeti lako la Jumamosi iliyopita palikuwa na makala fupi ya kuwashauri wazazi namna ya kuchagua sanamu za dinosari za kuchezea, na kando yake picha mbili zilizodaiwa kuwa za Stegosaurus, dinosari mwenye mabamba mgongoni na miiba mkiani, mmoja "halisi" na mwingine "feki". Huyo wa pili alihukumiwa kuwa feki kwa sababu, kwa maelezo ya mwandishi wako, mabamba ya mgongoni yanakomea katikati na kutoka hapo kiwanda "kimebandika miiba" hadi ncha ya mkia. Naandika kumtetea mnyama huyo. Si Stegosaurus aliyeharibiwa kiwandani. Ni Kentrosaurus, dinosari aliyechimbuliwa Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, na miiba yake ya mgongoni na mkiani iko mahali inapostahili kuwa. Kwa macho yangu, kati ya wale wawili, aliyeitwa feki ndiye aliyefinyangwa kwa uangalifu zaidi.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia mjini Kisumu, kwa hiyo nta, plasta na kalibu si vitu vigeni kwangu. Sanamu za dinosari nilianza kuzikusanya mwaka 2013, mwanangu wa kwanza alipozichoka zake nami nikashindwa kuzitupa. Nyingi nimezipata soko la Kibuye siku za Jumapili, katika yale marobota ya vitu vya watoto vya mitumba ambayo wachuuzi huyamwaga juu ya turubai, dinosari akilaliana na gurudumu la lori, mguu wa mwanasesere na simu ya plastiki isiyo na betri. Shilingi 50 humtosha mdogo. Mkubwa mwenye jina la kampuni chini ya tumbo, kama vile Schleich ya Ujerumani, Papo ya Ufaransa au Safari Ltd ya Marekani, hufika 300 iwapo mchuuzi anajua maana ya maandishi hayo. Wa Kibuye wanaijua, kwa kuwa niliwafundisha mwenyewe, jambo ambalo mke wangu hajaacha kunikumbusha.

Turudi kwa Kentrosaurus. Jina hilo alipewa mwaka 1915 na Edwin Hennig, mmoja wa wataalamu wa Kijerumani waliohusika na uchimbaji wa Tendaguru ulioendeshwa kati ya mwaka 1909 na 1913. Jembe na sururu zilishikwa na mamia ya watu wa kusini, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, na mifupa yenye uzito wa zaidi ya tani 200 ilibebwa vichwani na mabegani kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Huko ndiko aliko mpaka leo Giraffatitan, dinosari wa shingo ndefu aliyekuwa jirani ya Kentrosaurus, ambaye kiunzi chake kina kimo cha zaidi ya mita 13. Kentrosaurus mwenyewe hakuwa mkubwa: alikuwa na urefu wa mita nne na nusu hivi, ambapo Stegosaurus wa Marekani alifika mita saba au kupita hapo. Shingoni na mabegani ana mabamba madogo yaliyopangwa mawili mawili, na kuelekea kiunoni mabamba hayo yanazidi kuwa membamba hadi yanageuka miiba, ambayo inaendelea mkiani kote. Mtu aliyezoea Stegosaurus, akimwona huyu kwa mara ya kwanza, ana haki ya kudhani kwamba kalibu mbili zimechanganywa. Simlaumu mwandishi wako kwa kudhani hivyo. Ninamlaumu kwa kuchapisha dhana yake bila kumgeuza mnyama na kusoma jina lake tumboni.

Sanamu hiyohiyo ninayoitetea, ambayo nami ninayo nyumbani, ina kosa, lakini si lile lililotajwa. Ule mwiba mmoja mrefu wa kila ubavu umewekwa nyongani. Hennig naye aliuweka huko, na vitabu vikamfuata kwa miaka mingi, mpaka walipochimbuliwa China jamaa zake wenye mwiba kama huo karibu na bega, na wataalamu wengi sasa wanauweka begani. Kosa la namna hii mimi nalisamehe, kwa sababu aliyeifinyanga sanamu alifuata elimu ya wakati wake. Ni tofauti kabisa na kosa la kiwanda ambacho leo hii kinatoa Stegosaurus mwenye miiba minane mkiani na safu moja ya mabamba, kama yule wenu "halisi". Mchoro wa namna hiyo ulitolewa na Othniel Marsh, mtaalamu wa Marekani, mwaka 1891, na ni muda mrefu sasa tangu ijulikane kwamba mabamba yalikaa safu mbili kwa kupishana na kwamba miiba ya mkia ilikuwa minne. Aliyekosea mwaka 1891 alikuwa na mifupa michache mbele yake. Anayekosea leo hakutaka tu kutazama.

Kuna na kosa la tatu, ambalo makala yenu hayakuligusa na ambalo mkusanyaji hulijua kwa vidole vyake, nalo ni kosa linalolazimishwa na plastiki yenyewe. Mchukue Tyrannosaurus, ambaye ndiye kila mtoto humtaka. Mnyama huyo alitembea kwa miguu miwili, mwili ukiwa umelala karibu sawasawa na ardhi, na mkia ukiwa umenyooka nyuma kama mkono wa mizani ili kichwa kizito kisimwangushe. Sanamu za zamani zilimsimamisha wima kama mtu, mkia ukiburuzwa chini, kwa sehemu kwa sababu hivyo ndivyo alivyodhaniwa kusimama, na kwa sehemu kwa sababu kitu chenye nguzo tatu hakianguki. Kiwanda kinachomfinyanga kwa mkao sahihi kinapata taabu: plastiki laini haiwezi kubeba kichwa kile juu ya vifundo viwili vyembamba. Wengine humpa nyayo pana kama makasia, wengine humsimamisha juu ya kibao. Kwangu nyayo pana ni kosa la heshima. Hapa Kisumu tunalijua tatizo hilo kuliko wenye viwanda, kwa kuwa sanamu ikiachwa dirishani Januari, kufika saa nane mchana vifundo vimelegea na mnyama ameinama kama anayetafuta sarafu. Dawa yake ni beseni la maji ya moto, kumnyoosha taratibu kwa mkono, kisha kumtumbukiza katika maji baridi na kumshikilia humo mpaka agande.

Kisichosameheka ni mikono. Tyrannosaurus alikuwa na vidole viwili. Akiwa na vitatu, aliyemfinyanga hakuhesabu. Aidha, viganja vya dinosari wa jamii hiyo vilitazamana, kama vya mtu anayetaka kupiga makofi, wala havikuelekea chini kama vya mpishi anayesukuma chapati. Kugeuza kiganja katika nta hakuongezi gharama hata ya senti moja, kwa hiyo mahali hapo ndipo ninapopima bidii ya kiwanda kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Kwa dinosari wakubwa wenye shingo ndefu mimi hutazama nyayo za mbele. Kiwanda kivivu huzinakili kutoka kwa ndovu, na kucha zote zikapangwa duara, ambapo mnyama mwenyewe, kama alikuwa na ukucha wa mbele, ulikuwa mmoja tu, wa kidole gumba.

Kuhusu meno nitaomba uvumilivu, maana ndiyo riziki yangu. Makala yenu yalisema kwamba sanamu yenye meno makubwa, meupe na yaliyopangika vizuri ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Ni kinyume chake. Dinosari walao nyama walibadilisha meno maisha yao yote, kama mamba wa ziwa letu, na kwa hiyo katika taya moja palikuwa na jino refu lililokomaa, jirani yake fupi linaloanza kuchomoza, na pengine pengo. Meno yaliyolingana kama chanuo ni meno ya bandia, nami nasema hivyo kama mtu anayeyatengeneza.

Rangi siipi uzito mkubwa. Kwa dinosari wengi hakuna anayeweza kusema kwamba kijani ni kosa au kwamba kahawia ndiyo sahihi, kwa hiyo mzazi asiache sanamu nzuri kwa sababu ya milia asiyoipenda. Wako wachache wa kuwatenga: Sinosauropteryx, mdogo wa China aliyetangazwa mwaka 1996 akiwa na alama za manyoya, alichunguzwa chembe za rangi, na mwaka 2010 ikaelezwa kwamba mkia wake ulikuwa na pete za hudhurungi nyekundu na nyeupe. Huyo ukimpaka buluu umekosea. Na Velociraptor, ambaye katika mfupa wake wa mkono wataalamu waliona mwaka 2007 vinundu vya kushikilia manyoya ya bawa, hana sababu ya kuendelea kuuzwa akiwa na ngozi tupu kama mjusi, tena mwenye ukubwa wa kumfikia mtu kifuani, ilhali alikuwa na kimo cha bata mzinga.

Mwandishi wako pia alimweka miongoni mwa dinosari Dimetrodon, yule mwenye tanga mgongoni, ambaye alitoweka kabla dinosari wa kwanza hawajatokea na ambaye ukoo wake uko karibu zaidi na wetu kuliko na wao. Hilo naliacha, kwa sababu hata viwanda vikubwa humtia katika pakiti moja nao. Lakini nimekwisha kuulizwa mara kadhaa pale Kibuye kama Simbakubwa wa Muhoroni ni dinosari, na ingefaa gazeti lako liseme wazi kwamba sivyo. Simbakubwa kutokaafrika, aliyepewa jina hilo la Kiswahili mwaka 2019 baada ya taya lake kukaa miaka mingi katika droo ya makumbusho Nairobi, alikuwa mnyama anyonyeshaye, aliyeishi miaka milioni 22 hivi iliyopita. Dinosari wakubwa walikuwa wamekwisha tangu miaka milioni 66 iliyopita. Mwenye kutaka dinosari mwenye jina la lugha yetu amtafute Mnyamawamtuka moyowamkia wa bonde la Rukwa, aliyetangazwa mwaka huohuo wa 2019, ambaye mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo. Sanamu yake sijaiona kwenye turubai lolote.

Kwa kuwa sijaiona, wala ya Kentrosaurus mwenye mwiba wa begani sijaiona, mwaka jana nilikwenda Tabaka, kule Kisii, na mfuko wenye sanamu na michoro, nikamwomba mchongaji mmoja mzee anichongee Kentrosaurus wa jiwe la sabuni, lile jiwe laini la huko. Aliitazama ile sanamu ya plastiki kwa muda mrefu, akaniambia kwamba jiwe lile halitavumilia miiba mirefu hivyo juu ya miguu minne myembamba, litavunjika wakati wa kupiga msasa. Kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka yote ya kukusanya sikuwahi kujiuliza: "Mnyama huyu akitaka kulala, hulala vipi?" Hawezi kulala ubavu, alisema, kwa sababu ya huo mwiba, hawezi kugaagaa. Akamchonga ameketi, miguu imekunjwa chini ya tumbo kama ng'ombe anayecheua, mkia umezungushwa hadi karibu na shingo ili miiba iegemee mwili na isichomoze hewani. Mkia wa mnyama yule pengine haukukunjika kiasi hicho, na kwa kanuni zangu mwenyewe ningepaswa kumkata alama. Nimemweka mbele ya wote kabatini.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba masahihisho yachapishwe katika ukurasa uleule wa watoto, si katika kurasa hizi za barua ambazo watoto hawazisomi, na kwamba Kentrosaurus atajwe kwa jina lake pamoja na mahali alikotoka. Jumapili iliyofuata makala yenu nilimkuta mchuuzi mmoja wa Kibuye amewatoa wawili wa aina hiyo na kuwatupa katika rundo la vilivyovunjika, kwa bei ya shilingi 10, kwa sababu mteja alimwonyesha gazeti. Niliwachukua wote wawili. Nikihitajika, nitamleta mmoja ofisini kwenu Kisumu apigwe picha upya. Ninaomba tu asiachwe ndani ya gari mchana, maana mguu wake wa nyuma wa kushoto nimekwisha kuunyoosha mara mbili.

Msomaji wenu,
Migosi, Kisumu