Cheri usizisage na kokwa zake

Wete, Pemba

Shoga yangu mpenzi Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi hatujambo, mama anakusalimu, na karafuu zimeanza kuanikwa. Ama baad, nakutumia barua hii kwa simu ili ikufikie leo, kwa sababu umeniandikia kwamba umechuma ndoo ya cheri za mwituni huko Minnesota, Marekani, na unakusudia kuzisaga nzima nzima katika blenda, uwatengenezee watoto sharubati.

Nakuomba usizisage na kokwa zake. Nyama ya tunda lililoiva haina neno, ingawa ni kali na hukausha mdomo; sumu imo ndani ya kokwa, na pia katika majani na vijiti, kwa hiyo usiache hata jani moja katika sufuria. Kiini cha kokwa kina kemikali iitwayo amigdalini, ambayo kiini kikipondwa au kutafunwa hukutana na kimeng'enya kilichomo humo humo, ikatoa sianidi. Kwa hiyo mtoto aliyemeza kokwa moja nzima kwa kawaida huitoa salama, ilhali kisu cha blenda ndicho kinachoifungulia sumu njia.

Kinachonitia hofu zaidi ni mazoea yetu. Tumekulia chini ya mikungu, tukipasua kungu kwa jiwe na kula viini vyake, na mwenzetu Tatu hakuna aliyempita. Watoto wako wakisimuliwa hayo, watatamani kupasua kokwa za cheri. Waambie kwamba kiini cha cheri, cha plamu au cha mishmishi (aprikoti) si kungu, hata kikinukia lozi, kwani harufu hiyo hutoka pamoja na sumu yenyewe. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba mtu mzima akila zaidi ya viini vitatu vidogo vibichi vya mishmishi kwa mara moja anaweza kupita kiwango cha salama, na mtoto mdogo hata kwa kimoja.

Zioshe, uzichemshe kwa maji kidogo bila kufunika sufuria, dirisha likiwa wazi, mpaka zilainike. Ziponde taratibu kwa mwiko wa mti, kokwa zisivunjike, kisha uzikamue kwa kitambaa na kokwa uzitupe mahali ambapo watoto hawafiki, ndipo utie sukari. Sianidi iliyokwisha kutoka huondoka na mvuke, lakini kuchemsha hakukifanyi kiini kuwa chakula. Hilo nalirudia kwa makusudi.

Je, umeshazisaga? Yupo aliyekunywa? Akiumwa kichwa, akapata kizunguzungu, akatapika au akapumua kwa shida, mkimbize hospitali bila kungoja. Na aliyekuonyesha mti huo, anaijua kweli miti ya huko? Majirani zako wenyeji huzipika vipi? Tafadhali nijibu leo leo.

Shoga yako akupendaye,
Mwanaisha