Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti: Kanda za Mwanzo za Queen na Yale Tunayoyasubiri

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote mliofika leo hapa Shangani, Zanzibar, pamoja na wenzetu wa Dar es Salaam, Mombasa na Muscat watakaoisoma taarifa hii wakiwa mbali. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina mwenyewe, na mambo ya ada yana nafasi yake kwenye ajenda. Mimi nitazungumzia kazi iliyotuweka pamoja mwaka mzima, yaani kuzisikiliza rekodi za mwanzo za Queen, bendi ya roki ya Uingereza, kwa makini kuliko tulivyowahi kuzisikiliza, na kujiandaa kwa muziki unaokuja.

Kwanza niwakumbushe msiba. Tarehe 12 Aprili 2025 alifariki Roy Thomas Baker, mtayarishaji aliyekuwa na Queen tangu albamu ya kwanza hadi kwenye Bohemian Rhapsody. Mengi nitakayoyasema hapa chini yanahusu ubishi uliokuwepo studio kati yake na vijana wale wanne, yaani Freddie Mercury mwimbaji, Brian May wa gitaa, Roger Taylor wa dramu na John Deacon wa besi, lakini bila yeye tusingekuwa na cha kubishania. Mwezi Mei bendi ilipokea tuzo ya muziki ya Polar kule Stockholm, na tarehe 31 Oktoba tukaadhimisha miaka 50 ya Bohemian Rhapsody. Picha za siku hiyo katibu anazo, anayetaka amwombe.

Sasa kazi yenyewe. Kasha la Queen I, yaani mkusanyiko wa rekodi za albamu yao ya kwanza, lilitoka tarehe 25 Oktoba 2024, nasi tumeishi nalo mwaka wote huu. Lina nyimbo 63, na miksi (michanganyo ya sauti za waimbaji na ala) 43 kati ya hizo ni mpya kabisa. Ndani yake mna albamu ya 1973 iliyochanganywa upya, demo (rekodi za majaribio) za De Lane Lea, vipande vya studio ambapo wanaanza wimbo wanakosea wanaanza tena, vipindi vya BBC na nyimbo za jukwaani. Kwa chama kama chetu, kilichozoea kugawana kanda zilizonakiliwa na kunakiliwa tena mpaka matoazi yanasikika kama maji ya mfereji, hii ni neema kubwa.

Kwa faida ya wanachama wapya nieleze De Lane Lea ni nini. Mwishoni mwa 1971 studio ya jina hilo ilikuwa imehamia jengo jipya Wembley, na wenyewe walitaka bendi ipige kwa sauti kubwa ili wapime mitambo na kuta zao. Queen hawakuwa na mkataba wala fedha. Walikubali kuwa wapimaji, na malipo yao yakawa kurekodi bure. Wakatoka na nyimbo tano: Keep Yourself Alive, The Night Comes Down, Great King Rat, Jesus na Liar. John Deacon alikuwa ameingia kwenye bendi mwaka huohuo. Kwa hiyo ukisikiliza demo hizi unasikia watu wanne wasiokuwa na umri wa mwaka mmoja pamoja, tena wanapiga kama waliokulia nyumba moja.

Demo hizi tumezisikia kwa sura mbili, na hapo ndipo vikao vyetu vya Jumamosi vilipopata moto. Zilipotolewa rasmi mwaka 2011 zilitoka kwenye santuri ya asetati, ile ya majaribio inayochongwa moja moja, aliyoihifadhi Brian May. Zile za kasha jipya zimefanyiwa miksi upya. Mwanachama wetu fundi wa redio ndiye aliyetufundisha namna ya kutambua chanzo cha rekodi kwa sikio. Santuri inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Ukisikia mkwaruzo unajirudia kila baada ya muda huo, ujue sauti ilipita kwenye sahani; kanda ina mvumo, lakini haina mkwaruzo wa namna hiyo. Akatufundisha pia kupima kasi kwa kinanda: wimbo ukiwa juu kidogo au chini kidogo ya ufunguo wake, kabla ya kusema bendi ilibadilisha sauti ya nyuzi za gitaa, uliza kwanza kama mashine iliyonakili haikuwa ikienda mbio au polepole mno.

Kutokana na mafunzo hayo kamati iliweka utaratibu ambao sasa naomba uwe kanuni. Mwanachama anayedai amesikia jambo kwenye rekodi ataje ni toleo lipi, la mwaka gani, dakika na sekunde. Mwanzoni wengine waliona tunawabana. Lakini mmeona wenyewe jinsi ubishi wa saa mbili ulivyokuwa ukiisha kwa dakika tano, pale ilipobainika kwamba huyu anasikiliza toleo la 2011 na yule la 2024.

Nichukue Keep Yourself Alive. Kwenye albamu ya 1973 gitaa la mwanzo linaingia likiwa limepitishwa kwenye mtambo unaolizungusha sauti, linavuma kama ndege inayopita juu ya paa. Kwenye demo, mwanzo huohuo Brian May anaupiga kwa gitaa lake la kawaida lisilo la umeme, lile la bei rahisi liitwalo Hallfredh, ambalo nyuzi zake zinanguruma kidogo kwenye daraja. Vidole unavisikia. Brian mwenyewe amewahi kusema demo ile ilikuwa na uchawi ambao albamu haikuupata, na baada ya mwaka huu mimi namuunga mkono bila kusita. Wimbo ulipotoka kama singo Julai 1973, chati za Uingereza hazikuutambua. Sitasema demo ingefanikiwa zaidi, hakuna awezaye kujua. Nasema tu kwamba mkono wa mpigaji uko karibu zaidi na msikilizaji.

Lakini somo kubwa la mwaka limetoka kwenye The Night Comes Down. Albamu ya 1973 ilirekodiwa Trident, studio ya Soho, London, katika saa ambazo wateja wenye fedha walikuwa hawaitumii. Malalamiko ya bendi kuhusu Trident yanajulikana: dramu zilirekodiwa zikiwa kavu, zimezibwa, hazina hewa. Roger Taylor hakuzipenda, na kwa miaka 50 wamekuwa wakisema albamu hiyo haikutoka walivyoisikia vichwani mwao. Mtu anaweza kudhani ni maneno ya wasanii tu, lakini ushahidi umekaa ndani ya albamu yenyewe tangu 1973. The Night Comes Down walijaribu kuurekodi upya Trident, wakaona haufikii, wakaurudisha ule wa De Lane Lea. Hivyo kwenye santuri moja una dramu za studio mbili. Weka Great King Rat, kisha ruka uende The Night Comes Down, usiguse kitufe cha sauti. Wanachama wetu wawili wanaopiga dramu hawakuhitaji kuambiwa wasikilize nini, walitazamana. Ngoma inapumua, toazi linaachwa life lenyewe. Hivyo ndivyo bendi ilivyotaka kusikika, na walishakuwa nayo mkononi kabla hawajaingia Trident.

Ndiyo maana katika mjadala uliotugawa mwezi Juni, kama miksi ya 2024 ni ukarabati au ni kubadilisha historia, mimi nasimama upande wa ukarabati. Waliosema vinginevyo walikuwa na hoja nzito: watu waliununua muziki wa 1973 kama ulivyo, na kasoro zake ni sehemu ya kumbukumbu. Kweli. Lakini albamu ya 1973 haijafutwa, anayeitaka anaipata. Na tunapozilinganisha dramu mpya na zile za De Lane Lea, tunaona miksi mpya inaelekea kule kulikokusudiwa tangu 1971, haielekei mitindo ya leo. Mad the Swine nao umerudi mahali pake, wimbo wa nne, kati ya Great King Rat na My Fairy King. Uliachwa mwaka 1973 kwa sababu ya kutoelewana juu ya sauti ya dramu hizohizo, ukaja kutoka 1991 nyuma ya singo ya Headlong. Kuusikia kwenye nafasi yake kunabadilisha upande mzima wa kwanza wa santuri: mambo ya dini ya Freddie, yanayoonekana kama kituko kwenye Jesus pekee, sasa yana mwenzake.

Kuna rekodi nyingine niliyotaka kila mwanachama aijue. Tarehe 9 Septemba 1969, kwenye klabu ya The Sink mjini Liverpool, Freddie aliimba na bendi yake ya wakati huo, Ibex, na rafiki mmoja akarekodi. Brian May na Roger Taylor walikuwepo, na mwishoni wakapanda jukwaani kupiga pamoja naye. Kanda ilikuwa imeisha. Wimbo mmoja wa usiku ule, Rain wa The Beatles, uliwekwa kwenye mkusanyiko wa kazi za Freddie wa mwaka 2000. Ya mwisho, ambayo sote tungeyataka, hayapo. Ndani ya kasha jipya tuna Imperial College, London, Agosti 1970, ambapo Jesus unasikika kabla Deacon hajafika, na hiyo ndiyo karibu zaidi tunayoweza kuufikia mwanzo wenyewe wa Queen.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sisi hasa. Freddie Mercury alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, Farrokh Bulsara, mtoto wa Bomi na Jer. Makumbusho yake yako hapa hapa Shangani tangu Novemba 2019. Tunampenda kama mtoto wa mtaa, na mapenzi hayo yanatushawishi kusikia Zanzibar kila mahali. Mwaka huu tulipokea andiko lililodai kwamba farasi wenye mabawa na nyuki wasiouma kwenye My Fairy King wametoka kwenye ngano za visiwani. Limeandikwa kwa Kiswahili kizuri na mwandishi wake ana heshima zangu zote, lakini mistari ile imechukuliwa kwenye shairi la Robert Browning, Mwingereza, kuhusu mpiga filimbi wa Hamelin. Freddie alipelekwa shule Panchgani, India, akiwa mtoto wa miaka minane, na huko ndiko alikoanza bendi, The Hectics. Alirudi 1963, akaondoka na wazazi wake 1964 baada ya Mapinduzi. Kama taarabu imo kwenye sauti yake, na aonyeshe mtu wimbo, dakika na sekunde, nasi tutakaa tusikilize kwa furaha. Hatuna haja ya kumwongezea kitu ili awe wetu. Cheti cha kuzaliwa kinatosha.

Nije kwenye yanayokuja. Desemba 2025 Brian May alipiga kwenye redio ya Planet Rock, Uingereza, wimbo wa Queen ambao ulikuwa haujawahi kutolewa: Not for Sale, unaojulikana pia kama Polar Bear. Mizizi yake iko kwenye Smile, bendi ya May, Taylor na Tim Staffell kabla ya Queen, na Queen waliurekodi wakati wa albamu yao ya pili, Queen II, kisha wakauacha. Toleo la Smile limezunguka mikononi mwa wapenzi miaka mingi, hivyo tutakuwa na nafasi adimu ya kuweka bendi mbili kwenye wimbo mmoja. Zoezi hilo tayari tunalijua: Doing All Right ulirekodiwa na Smile 1969, ukaja kuwa wa Queen 1973. Naomba kila mmoja asikilize matoleo hayo mawili upya kabla ya kikao kijacho.

Toleo jipya la Queen II, lililotarajiwa mwaka 2026, ndilo litakalotupa kazi. Matumaini yangu makubwa yako kwenye Seven Seas of Rhye. Kipande kifupi kisicho na maneno kinaifunga albamu ya 1973, kisha 1974 unatokea wimbo kamili na kufika nafasi ya kumi Uingereza. Kati ya vipande hivyo viwili kuna hatua ambazo hatujawahi kuzisikia. Ogre Battle nao ulikuwepo kabla ya albamu ya kwanza, wakausubirisha. Nataka kujua waliusubirishia nini.

Tahadhari moja. Sauti za Freddie zilizotengenezwa kwa akili mnemba zimejaa, na baadhi zinasambazwa kama demo zilizovuja. Kamati haitazipokea kwenye maktaba ya chama. Vilevile rekodi zilizoibwa hatutazinakili. Mwenye shaka na faili alete, fundi wetu atalisikiliza bila malipo.

Naomba basi mkutano uamue mambo mawili: kanuni ya toleo, dakika na sekunde iingie kwenye katiba ya chama, na fedha zilizobaki mwaka huu, badala ya fulana, zitumike kununua spika mbili nzuri na nakala ya Queen II itakapotoka. Kikao cha kusikiliza Doing All Right ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Alasiri, mahali petu pa kawaida. Wa Mombasa na Muscat wataunganishwa kwa simu.

Mwenyekiti